Unga Uliorudishwa Ikuti

Mama yangu hakuwahi kuwa mtu wa kuona vitu. Ni mwanamke wa Ikuti aliyezaa, akazika, akalima migomba na kukamua ng'ombe. Habari za vizuka alizisikiliza kama anavyosikiliza habari za vita vya mbali redioni: kwamba zipo, lakini si za kwake. Kwa hiyo siku aliponiambia nimpishe mgeni, niligeuka kweli kumtafuta huyo mgeni.

Ilikuwa asubuhi, baada ya uji. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba ya karibu, kama unavyofanya kwetu majira ya mvua, ukaja hadi barazani nilipoweka cherehani yangu. Mimi ni fundi wa nguo. Nilikuwa nimeingia ndani kuchukua mkasi, na mama alikuwa ameketi kitandani na blanketi magotini.

"Mpishe akae," alisema. "Amesimama muda mrefu."

"Nani, mama?"

"Huyo nyuma yako."

Nyuma yangu kulikuwa na mlango wazi na ukungu. Nikacheka kidogo, nikidhani ananitania. Yeye hakucheka. Macho yake yalimfuata mtu aliyepita pembeni yangu, taratibu, hadi kwenye kona tunapoweka debe la mahindi.

"Haya, ameketi," akasema. Kisha, kwa sauti ya mtu aliyekosewa heshima: "Mbona ametupa mgongo?"

Nikamsogelea nikamshika shavu. Lilikuwa la moto na kavu, halina hata tone la jasho. Midomo yake ilikuwa imekauka, na mboni za macho zilikuwa zimepanuka hadi ile rangi ya kahawia niliyoijua tangu utotoni ikaisha, pakabaki mashimo mawili meusi. Vidole vyake vilianza kuchambua blanketi. Alikuwa anachambua maharage. Anachagua, anapuliza, jiwe analitupa chini. Hakukuwa na maharage wala mawe, lakini nilijikuta nasikiliza yakianguka.

"Nani huyo aliyeketi, mama?"

"Humwoni? Ni bibi wa ng'ambo."

Bibi wa ng'ambo alikuwa jirani yetu, mjane anayeishi peke yake ng'ambo ya kijito, mkubwa kwa mama kwa miaka michache. Alikuwa akituletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu, sisi tunampa ndizi. Hakuwa shangazi yangu wala dada wa mama, lakini alikuwa mtu wetu. Nilipoita watu wanisaidie kumpandisha mama kwenye gari, walimsikia akimwambia yule bibi, kwa Kinyakyusa, ageuke basi waonane uso. Niliwaona wakitazamana juu ya kichwa cha mama, na sikuyapenda macho yale.

Hospitali walimpima malaria, hana. Wakampima sukari na presha. Daktari akaniuliza kama tumempa dawa ya kienyeji, nikasema hapana. Kama amekula kitu kigeni, nikasema amekula tunavyokula siku zote: ndizi, maharage, uji. Kesho yake aliamka mzima, mwepesi, akidai chai. Hakukumbuka kuchambua maharage. Alichokumbuka ni yule mgeni.

"Alikuwepo," alisema tu, akageukia ukutani.

Tukarudi nyumbani. Asubuhi nikampikia uji ili apate nguvu, na kabla jua halijapanda akawa ameanza tena kuongea na kona.

Safari hii watu walikuja kuomba. Waliimba vizuri, wakaweka mikono juu ya kichwa chake, na mmoja wao alipokuwa anatoka aliniuliza polepole, kama anayeuliza habari za ng'ombe, yule bibi wa ng'ambo aliingia humu ndani lini mara ya mwisho. Nikasema sikumbuki. Akatikisa kichwa. "Si kwenu tu," akasema, akaondoka. Nilimfuata mpaka njiani kumuuliza ana maana gani. Akasema mvua inakuja.

Na kweli siku zile yule bibi hakuja. Moshi wa jiko lake niliuona ng'ambo siku moja moja, kisha sikuuona tena. Watu walisema amekwenda kwa mwanaye Isongole, kwenye viazi. Walisema hivyo kwa sauti ya watu waliotua mzigo.

Mama alipopata nafuu tena alipoteza hamu ya kula. Nilimpikia uji wake, akausukuma. Mimi huwa nakunywa chai, lakini kumwaga uji wa maziwa kwetu ni dhambi ndogo, kwa hiyo niliunywa mimi, bakuli zima, nikatoka barazani kushona.

Nitaeleza ninachokumbuka. Kwanza kinywa kilikauka, nikanywa maji, kikakauka zaidi. Kisha mwanga ukawa mkali mno, ingawa ukungu ulikuwa palepale. Migomba ilianza kusogea. Haikusogea kwa upepo. Ilisogea kama watu waliosimama kwenye msiba wanavyobadilisha mguu. Halafu ukungu ukapanda ngazi, ukaingia ndani, na mimi nikaona ni jambo la kawaida. Mteja akafika. Mwanamke mrefu, mpole, sikuwa namfahamu, lakini nilijua alishaniletea kitambaa chake, kijani chenye maua madogo ya njano. Nikampima kiuno. Nikamshonea gauni lile mpaka likaisha, likakaa mwilini mwake vizuri kuliko nguo yoyote niliyowahi kushona. Akaondoka nalo akiwa ameridhika. Hakusema neno hata moja muda wote.

Mama ndiye aliyenieleza baadaye. Alisema nilikanyaga cherehani asubuhi nzima bila kitambaa wala uzi. Nilinyoosha mikono hewani nikizungusha utepe wa kupimia kwenye kiuno cha mtu asiyekuwepo, huku nikicheka na kumwambia ageuke, ageuke tena. Aliniita nikamjibu kwamba nina mteja. Akanisogelea akaniangalia macho.

"Yalikuwa meusi tupu," alisema. "Nikajua nilivyokuwa mimi."

Nilipopata akili nilikuwa nimelala, yeye ameketi pembeni yangu na kikombe cha maji. Hatukuwa tumelala chumba kimoja, hatukuwa tumechangia dawa wala shuka. Tulikuwa tumechangia bakuli.

"Ni uji," nikasema.

Naamini mama hakutaka uwe uji. Mtu akiona jambo kubwa hivyo, anapenda liwe limetoka mahali pakubwa.

Ulikuwa unga wa lishe, ule wa kuchanganya: mahindi, ulezi, soya na karanga, unaosagwa mjini Tukuyu na kufungwa kwenye paketi ya nailoni yenye picha ya mtoto mnene. Siku hizo kila nyumba ilikuwa nao. Kliniki walikuwa wakihimiza wazee na watoto wapate uji wenye nguvu, na maduka yetu yakaujaza. Nyuma ya paketi kulikuwa na namba ya simu. Nikapiga.

Alipokea mwanamke, mwenye mashine mwenyewe. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwema mwenye kazi nyingi. Nilimweleza kila kitu, hata gauni la kijani. Nikasikia mashine inasaga nyuma yake.

"Pole sana, mama yangu," akasema. "Lakini unga huu wanakula watu wengi, na hakuna aliyelalamika. Angalia maji mnayochota."

Nilikaa na simu mkononi. Hakuna aliyelalamika. Ni kweli, nani alikuwa amelalamika? Sisi wenyewe tulikuwa tumeita maombi.

Nikaenda kwa afisa afya wa kata. Ni binti wa umri wa mwanangu, anavaa mabuti ya mvua na kuendesha pikipiki mwenyewe. Nilitegemea anione mwehu. Alinisikiliza hadi mwisho, akaichukua paketi niliyobakiza, akaifunga ndani ya mfuko mwingine na kunawa mikono.

"Mama, nakuamini," akasema. "Lakini mkiumwa nyumba moja, nitaambiwa ni ugonjwa wa nyumba hiyo. Zikiumwa nyumba tatu kwa namna ileile, hapo tunaanza kutazama sufuria. Unajua wengine?"

Nikamkumbuka yule wa maombi. Si kwenu tu.

Tukaanza kuzunguka naye. Sijawahi kutembea Ikuti kwa namna ile. Ni njia nilizozaliwa nazo, lakini ukungu ulikuwa mzito hata nyumba unaigundua ukiwa umeshagusa ua wake, na katika kila nyumba walitukaribisha, wakatupa viti, wakasema hapana. Hakuna aliyeumwa. Wanatuambia hapana huku wanatazama mlangoni nyuma yetu.

Mzee mmoja wa kanisa alisema alichopata yeye si ugonjwa, ni jambo kati yake na Mungu, na hatalijadili na watu wa serikali. Afisa akamshukuru kwa heshima. Tulipokuwa tunatoka, mke wake aliniita jikoni kana kwamba ananipa moto.

"Shikamoo," nikamwambia, kwa kuwa ni mkubwa kwangu.

"Marahaba. Sikiliza. Baba alituambia tusimwambie mtu." Alikuwa ananong'ona. "Asubuhi moja alimwona bibi wa ng'ambo amekaa pale juu ya gunia la mahindi. Ametupa mgongo. Baba akamkemea kwa jina la Yesu, hakugeuka."

Katika nyumba ile sikuwa nimesema lolote kuhusu ule mgongo.

"Kabla ya hapo alikunywa nini?"

Alifikiri. Kisha akafungua kabati, na yule mtoto mnene wa kwenye paketi akatutazama.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya mama mmoja kijana anayeishi karibu na shule. Huyu hakuficha, alikuwa anasubiri tu mtu amuulize. Mtoto wake wa miaka mitatu alishinda siku nzima akikamata nzi hewani, anawaweka mfukoni, na mama yake alipomfumbua macho aliona weusi tupu. Alimpa maji na kumwombea. Hakwenda hospitali kwa sababu mama mkwe alimwambia mtoto ametupiwa kitu, akimpeleka sindano itamuua. Afisa alimpima mtoto palepale. Alikuwa mzima, anakula muwa. Akamwuliza kama bado ana nzi, mtoto akaingiza mkono mfukoni, akatafuta kwa makini, akasema wameruka.

Jioni ile afisa alipiga simu juu, na baada ya siku chache wakaja wakaguzi kutoka Mbeya. Walipita maduka ya Tukuyu kwanza, kisha vijijini. Gari la matangazo lilikuja Ikuti asubuhi. Tulilisikia muda mrefu kabla hatujaliona, sauti ya mwanamume ikisafiri ndani ya ukungu, haijulikani inatoka barabarani au mtoni: Rudisheni unga. Msile, msiwape mifugo, msimwage. Rudisheni unga. Ng'ombe wetu aliacha kula akasimama masikio juu. Sauti ikatupita, ikaenda ikafifia, na gari lenyewe sikuliona hata kidogo.

Kanisani walitangaza, na msikitini mjini pia. Paketi zikaletwa ofisi ya kata. Nilikuwepo, afisa aliniomba nimsaidie kuzipokea, na lile ndilo jambo ninaloliona zaidi nikifumba macho, kuliko hata migomba iliyosogea. Walikuja watu ambao tulikuwa tumeketi kwenye viti vyao wakatuambia hapana. Walikuja na paketi nusu, paketi robo, unga kwenye kikopo, unga kwenye kitambaa. Wanaweka juu ya meza bila kututazama.

"Uliumwa, baba?" afisa anauliza.

"Hapana."

"Nyumbani je, kuna aliyeumwa?"

"Hapana."

Na anasimama pale. Haondoki. Anaangalia ule unga kama mtu anayeacha kitu chake njiani usiku na anaogopa kitamfuata. Mmoja alirudi kutoka mlangoni, akauliza kama ni kweli aliyekunywa huona watu. Afisa akasema ndiyo, huona. "Wafu?" akauliza. "Yeyote," afisa akasema. Yule mwanamume alifunika uso kwa kofia yake akalia, na hatukujua kama ni kwa nafuu au kwa kunyang'anywa mtu aliyekuwa amemwona.

Majibu ya maabara yalikuja. Ndani ya soya kulikuwa na mbegu za gugu moja, lile lenye maua meupe kama tarumbeta na tunda la miiba, linaloota mashambani na kando ya mazizi. Mbegu zake ni ndogo, nyeusi. Gunia moja au mawili ya soya yalinunuliwa yakiwa hayakupepetwa vizuri, yakaingia kwenye mashine na mengine. Ni hivyo tu. Hakufa mtu, na unga uliobaki ulichomwa.

Mwenye mashine alikuja kwetu mwenyewe. Alikuwa mwanamke mnene aliyepungua, khanga mabegani. Alipiga magoti mbele ya mama, mama akamwinua na kumwambia "ndaga," asante yetu ya Kinyakyusa, kama anayepokea mgeni wa kawaida. Tukampa chai. Alipokuwa anaaga aliniambia jambo lililokuwa linamkaa kooni.

"Wewe hukuwa wa kwanza kupiga," akasema. "Kabla yako alinipigia bibi mmoja, kwa simu ya kuazima. Kiswahili chake kizito, anachanganya na Kinyakyusa. Aliniambia, 'Unga wako unanitembeza.' Mimi nikajua ananisifia, kwamba unampa nguvu za kutembea. Nikamwambia asante bibi, endelea kunywa."

Mama na mimi hatukutazamana.

Nilipanda bodaboda kwenda Isongole. Kule ni juu, baridi yake inaingia kwenye meno, na siku hiyo viazi vilikuwa vinavunwa. Nilimkuta bibi wa ng'ambo nyuma ya nyumba ya mwanaye, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anachagua viazi vya mbegu. Alikuwa amekonda. Alinipokea kwa furaha, akaniuliza habari za mama, za ng'ombe, za migomba yake aliyoiacha. Nikamweleza habari za unga. Alishasikia. Nikamwambia watu sasa wanajua kwamba hakuwa yeye waliyemwona, ni sumu, na anaweza kurudi.

Akaendelea kuchagua viazi.

"Nilikuwa mimi," akasema.

Nilidhani sikumsikia sawasawa.

"Nilikuwa nakunywa uji asubuhi, halafu sijui. Nikipata akili niko kwa watu. Miguu ina matope hadi magotini. Mara moja nilijikuta kwa mzee wa kanisa, nimekaa juu ya gunia, na yeye ananikemea. Niliogopa kugeuka. Ningemwambia nini? Nikakaa hivyo mpaka alipokimbia nje." Akafuta kiazi kwa kidole gumba. "Kwa mama yako ni mara mbili. Niliingia mlangoni nyuma yako. Ulikuwa unatafuta mkasi."

Nilikumbuka nilivyogeuka. Nilikumbuka mlango wazi na ukungu. Nilikuwa mzima siku ile, sikuwa nimekunywa kitu, na sikuona mtu. Mpaka leo sijui kama alipita kweli nami nikashindwa kumwona, au aliyasikia haya baadaye yakamwingia yakawa yake. Nilimwuliza ulikuwa mkasi wa namna gani. Akasema hakumbuki, mpini tu, mwekundu.

Ni mwekundu.

"Kwa nini hukusema, bibi?"

"Nilisema. Nilimpigia mwenye unga." Akanitazama kwa upole. "Wengine ningewaambiaje? Kwamba ni kweli naingia majumbani mwao?"

Tulikula viazi vya kuchemsha kwa chumvi, mwanaye akatuletea maziwa. Hakutaka kurudi Ikuti. Alisema hawana ubaya, lakini wameshamwona, na mtu akishakuona hivyo hata ukimletea cheti cha maabara atakuona hivyohivyo. Migomba yake akaniachia niipalilie.

Nilipoaga alinishika mkono.

"Kuna nyumba moja sijui ni ya nani," akasema. "Ina mlango wa bluu. Nilikuta mtoto amelala peke yake chini, macho wazi, yamekuwa meusi. Nilimfunika na khanga yangu. Niulizie huko, amepona?"

Nikamwambia nitamwulizia.

Nilimweleza afisa afya, na tulizunguka naye tena, Ikuti yote, mpaka kule mashamba ya chai yanapoanza. Hakuna mtu aliyekuwa ameokota khanga. Milango yetu mingi ni ya mbao tupu, michache ya kijani. Wa bluu hatukuuona. Afisa akasema huenda ni ile sumu tu, ilimwonyesha mlango na mtoto. Nami nakubali, huenda. Lakini siku za ukungu nikipeleka nguo za wateja, nikikaribia ua nisioufahamu vizuri, huwa nasimama kwanza nautazama mlango.